Hitma ya Anwari

Mbuzi wa hitma alikuwa amekwisha kufungwa nyuma ya jiko, analia tangu asubuhi, wakati Jafari alipoingia uani kwa Mama Anwari bila hata kupiga hodi. Jafari ni jirani, mtu wa kwenda Masasi kununua mitumba na kuja kuiuza hapa Makote, na siku zote ni mtu wa mizaha. Siku hiyo mizaha ilimkauka. Alimtazama Zena aliyekuwa akipeta mchele, akamtazama mbuzi, akarudi kumtazama Zena.

"Shemeji, nimemwona Anwari."

Ungo ulimtoka Zena mikononi, mchele wote chini.

"Jafari, usinichezee. Leo sitaki utani."

"Haki ya Mungu tena! Sokoni Masasi, amebeba robota la mitumba. Uso umeungua upande huu wote, sikio halipo. Lakini si unajua Anwari anavyosimama? Mguu mmoja kauweka juu ya mwingine, kama kuku anayesikia baridi? Basi hivyo hivyo! Nikamwita jina lake. Hakugeuka."

Sasa hebu fikiria wewe ndiye Zena. Mumeo aliondoka msimu uliopita na lori la mnunuzi wa korosho, wale wanunuzi binafsi waliomiminika Newala baada ya serikali kufungua soko. Walikuwa wanaokota vibarua njiani kama mtu anavyookota kuni. Jina lako hawaulizi, kwenu hawajui, panda twende. Lori likapinduka mteremkoni, likashika moto, na korosho ikiungua nawe unajua mafuta ya ganda lake yanavyochuna ngozi. Tajiri alikuja akasema vibarua wake wote wamekwisha, akatoa pole, akaenda zake. Maiti haikuletwa. Zena alikataa kukaa eda, akasema hawezi kumlilia mtu ambaye hakumwona. Wakamvumilia mpaka wakachoka. Mzee Alfani, mjomba wa Anwari na ndiye msemaji wa ukoo, akaamua: Ijumaa hii hitma inasomwa, na baada ya dua Zena anavaa nguo nyeupe za eda. Nguo zenyewe zilishashonwa, zilikuwa zimekunjwa juu ya sanduku.

"Ukienda ukakuta siye?" Mama mkwe aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nitarudi nivae hizo nguo, Mama. Lakini nikikuta ndiye?"

Mama Anwari alifungua fundo la kanga yake, akampa nauli.

*

Zena alimwona kabla hata hajaanza kumtafuta. Alikuwa amesimama kando ya meza ya mashati, mguu juu ya mguu. Akaenda mbio, akamkamata mkono.

"Anwari!"

Yule mtu aligeuka. Upande mmoja wa uso ulikuwa umejikunja na kung'aa. Upande wa pili ulikuwa wa mume wake, jicho, shavu, kila kitu. Akamtazama kwa adabu kabisa.

"Karibu, dada," alisema. "Unatafuta saizi gani? Blauzi zipo upande ule."

Jamani! Mume umelala naye kitanda kimoja, anakuuliza saizi ya blauzi! Zena alitaka kucheka, akataka kulia. Kabla hajapata la kusema, mwanamke mwembamba mwenye rozari shingoni alitoka nyuma ya meza.

"Kuna nini hapa? Mama, mwachie mtu mkono."

"Huyu ni mume wangu!"

"Mume wako?" Yule mwanamke alicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kikavu. "Huyu ni kaka yangu Kasiani. Mimi Dominika, muulize yeyote hapa. Tumetoka tumbo moja, sisi ni watu wa Chiwata."

"Muongo mkubwa wewe! Huyu ni mtu wa Makote!"

Ukianza ugomvi sokoni Masasi huna haja ya kuita watu. Mara wakajaa, wauza nyanya, wateja, mtu na kikombe chake cha chai mkononi. Zena akamsemesha mumewe Kimakonde, akamwambia kwao ni wapi, mama yake anamlilia. Jicho la yule mtu lilicheza.

"Mmeona? Anasikia Kimakonde!"

"Mama, hapa sokoni hata mbuzi anasikia Kimakonde," mtu mmoja akapaza sauti, na watu wakaangua kicheko.

Mwenyekiti wa soko, Mzee Nikolao, alipenya katikati. Ni mtu mzima mwenye haki, ila hana subira.

"Tulieni! Kwa nini mnamgombea mtu na mdomo anao? Wewe bwana, wewe ni nani?"

"Wanasema ni Kasiani."

"Sikukuuliza wanasemaje. Nakuuliza wewe."

Yule mtu alishika paji la uso. Jasho lilikuwa linamtoka. "Tangu lile lori sikumbuki, mzee. Kichwani kuna jina moja tu, linakuja na kuondoka." Akameza mate. "Mnonjela. Ndilo hilo tu. Mnonjela."

Mnonjela? Zena hakupata kulisikia jina hilo maishani mwake, si kwa mumewe, si kwa wakwe, si kwa jirani.

"Ni homa tu ile," Dominika akasema haraka. "Hospitali alikuwa akiliropoka."

"Mama," Mzee Nikolao akamwuliza Zena, "mumeo anaitwaje?"

"Anwari."

"Huyu dada anasema Kasiani. Mwenyewe anasema Mnonjela. Wameshakuwa watatu. Wako ni yupi?"

Kicheko kile Zena hakukisahau. Mke gani asiyejua jina la mumewe! Mmoja akamshauri achague blauzi aende, asije akarudi mikono mitupu. Na yule mtu wake alisimama tu, anamtazama kwa huruma, huruma ya mtu anayemwonea huruma mgeni. Hapo ndipo shaka ilipomwingia. Je, kama kweli siye? Kama ni yeye Zena ndiye kichwa kimemruka, anatafuta mume kwenye sura ya kila mwanamume anayesimama kwa mguu mmoja?

Akaondoka. Dominika akamfuata mpaka kwenye kona ya ghala, akamshika kanga.

"Dada, nisikilize. Kaka yangu naye alipanda lori lile lile. Tulipofika hospitali kibarua mmoja alikuwa hai na mwingine ameshazikwa, hana sura wala jina. Mimi nilimchukua aliye hai." Machozi yalikuwa yanamtiririka bila kuyafuta. "Usinilazimishe kujua ni yupi aliye kaburini. Nakuomba, mwenzangu, usinilazimishe."

*

Makote walikuwa wanamngoja uani. Zena aliwasimulia yote mpaka alipofika kwenye lile jina.

"Akasema anaitwa Mnonjela."

Sufuria ilimponyoka Mama Anwari. Mzee Alfani alisimama wima.

"Jina hilo umelitoa wapi?"

"Amelisema yeye, Mjomba. Mimi silijui."

"Lisitajwe tena katika ua huu! Umesikia? Lisitajwe!" Mzee alichukua bakora yake akatoka.

Zena aliogopa, usiombe. Akadhani ni jina la marehemu, akadhani ni jini, akadhani amekwenda Masasi kuokota balaa na kulileta nyumbani. Akamgeukia mama mkwe, na ajabu, mama mkwe alikuwa amejifunika kanga mdomoni na macho yake yanacheka na kulia kwa pamoja.

"Mama, nini? Mnonjela ni nani?"

"Sss! Usiliseme tena." Alimvuta jikoni, akafunga mlango. "Mwanangu, wewe umekuja kuolewa hapa, ungelijulia wapi? Mtoto wa kiume akipelekwa jandoni anatoka na jina jipya. Lile la kwanza linabaki kule, kumbi, kile kibanda cha jando, likichomwa nalo limekwisha. Ukimwita mwanamume jina lake la utotoni umemtukana tusi kubwa, umemwambia hajatahiriwa. Unatozwa faini. Mimi niliyemzaa sijalitamka tangu siku aliyotoka jandoni. Lile jina..." Akapunguza sauti. "Lile jina nilimpa mimi, Zena. Nikiwa namnyonyesha."

Zena alikaa chini vumbini. "Kwa hiyo ni yeye."

"Ni yeye! Mwanangu mzima!"

Walikumbatiana wakicheka kama vichaa, mpaka mbuzi naye akajibu huko nje. Kisha Zena akajitoa mikononi mwake.

"Mama, Mjomba alijua papo hapo. Kwa nini amekasirika?"

Jibu lilikuja na Mzee Alfani mwenyewe aliporudi kwa swala ya magharibi. Dada yake alimkabili mlangoni.

"Alfani, twende tukamlete."

"Tukamlete kwa jina gani? Ukamwite vile mbele ya wanawake wa Masasi?" Mzee hakuwa mtu mbaya, sauti yake ilikuwa na maumivu. "Mimi ndiye niliyempeleka jandoni. Mimi ndiye niliyempa jina la Anwari, na hakulia, alinipa heshima. Leo ukoo uvuliwe nguo sokoni? Bora mwanamume afe na jina lake kuliko arudi na la mvulana. Watu nimeshawaalika. Hitma itasomwa."

"Basi wewe soma hitma ya jina," Mama Anwari alisema. "Mimi naenda kumchukua mwanangu."

*

Ijumaa alfajiri wanawake wawili walipanda juu ya magunia ya korosho kwenye lori la kwenda Masasi. Upepo wa mlimani ulikuwa unapenya mpaka mifupani. Zena hakuweza kutulia. Alimsimulia mama mkwe mambo ambayo mkwe hasimuliwi: jinsi alivyokutana na Anwari kwenye foleni ya maji Newala mjini, miaka ile maji yalipokuwa hayapandi huku juu. Alikuwa hamjui, hakumpenda wala hakumchukia. Anwari akamwuliza, "Unaitwa nani, wa wapi wewe?" Naye kwa uchovu akamjibu, "Naitwa Zena, natoka Chilangala, na ndoo hii ni nzito." Anwari akaibeba ndoo mpaka kwao. Mambo yote yakaanzia hapo.

"Ndoo tu?" Mama Anwari akauliza.

"Ndoo tu, Mama."

"Nyie wasichana wa Chilangala rahisi kweli." Wakacheka, na lori likaanza kuteremka, na hakuna aliyetaka kutazama ule mteremko.

Meza ya Dominika ilikuwa tupu. Mzee Nikolao aliwaonyesha kwa kidole hata kabla ya salamu.

"Stendi! Anamhamisha, kwa shangazi yake Lindi. Basi linaondoka sasa hivi, kimbieni!"

Walikimbia. Mama Anwari na umri wake, kandambili mkononi, kanga inapepea, alikimbia mpaka Zena akabaki nyuma. Basi lilikuwa linaunguruma, moshi mweusi, kondakta ameshaning'inia mlangoni anapiga bati. Na pale dirishani, lile shavu zima limewaelekea.

"Anwari!" Zena alipiga kelele. "Anwari! Simamisheni!"

Kichwa hakikugeuka. Basi likaanza kusogea.

Mama Anwari alisimama katikati ya stendi. Watu walikuwa wengi, wanaume watu wazima, wengine wamepita jando lile lile. Alijua anachokwenda kufanya. Akavuta pumzi, akaita kama mama anavyomwita mtoto aliyechelewa kurudi kucheza.

"Mnonjelaaa! Mnonjela wee!"

Wanaume waligeuka kwa mshtuko, mmoja akaziba masikio. Na dirishani lile jicho likafunguka, kichwa kikachomoza nje.

"Naam, Mama!"

Hakungoja mlango. Alipita dirishani, basi linatembea, akaanguka kwa magoti, akainuka, akaja mbio. Mtu mzima, mrefu, amechomwa uso, akasimama mbele ya mama yake ameinamisha kichwa.

"Mama," alisema huku anahema, "mtungi ule sikuvunja mimi. Ni mbuzi."

Mama Anwari alimshika uso, upande mzima na upande ulioungua. "Najua, baba. Najua ni mbuzi. Nilijua siku ile ile."

Zena alikuwa amesimama pembeni. Alifurahi, lakini ndani ya furaha ile kulikuwa na mwiba: hakutazamwa hata mara moja.

Basi lilikuwa limesimama. Dominika aliteremka taratibu, begi mkononi. Hakugombana. Aliuangalia ule uso wa mama, akauangalia wa mtoto, akakaa juu ya begi lake palepale kwenye vumbi.

"Basi Kasiani ndiye aliyezikwa," alisema.

Yule mtu alianza kuvua shati alilovaa. "Hili la kaka yako."

"Vaa tu. Hatalihitaji."

Zena alikuwa amejiandaa njia nzima kumtukana mwanamke huyu. Matusi alikuwa nayo, mazuri kweli, aliyapanga. Akajikuta anachuchumaa na kumpangusa machozi kwa ncha ya kanga yake mwenyewe.

"Umemlisha, umemvisha, umemuuguza. Wewe si mwizi, wewe ni wifi yangu. Simama, twende nyumbani."

*

Walifika Makote alasiri. Majamvi yalikuwa yametandikwa, watu wamejaa, ubani unafuka, na Mzee Alfani ameketi mbele anaitikia dua kwa sauti nzito. Jafari ndiye aliyewaona kwanza.

"Marehemu huyo amekuja!"

Nakwambia palikuwa hapatoshi! Wengine walisimama, wengine walikimbilia migombani, mzee mmoja akaendelea kusema amina peke yake. Mzee Alfani alibaki amekaa. Mpwa wake alisogea mpaka mbele yake, akapiga goti.

"Shikamoo, Mjomba. Ulinichapa kwa ajili ya mtungi."

Watu walikuwa wanangoja mzee ataliita jina gani. Bakora ilianguka. Mzee Alfani alimwinamia mpwa wake.

"Marahaba. Nilikuchapa, na ni mbuzi. Nisamehe." Akamwekea mkono kichwani mbele ya watu wote, akasema kwa nguvu kila mtu asikie. "Lile jina tulilichoma. Ulikwenda jandoni na hukulia, mimi nilikuwepo. Unaitwa Anwari."

"Anwari," mpwa akarudia, kama mtu anayejaribu kiatu. "Nitalizoea, Mjomba."

"Na wewe dada yangu una faini. Mbuzi."

"Mbuzi si huyo mmeshampika?" Mama Anwari akajibu, na uwanja mzima ukalipuka kwa kicheko.

Kicheko kilipotulia, Dominika alisikika. Alikuwa ameketi mwisho wa jamvi la wanawake, rozari mkononi, analia kwa mara ya kwanza kilio kizima cha msiba. Zena alimnong'oneza mama mkwe, mama mkwe akaenda kumnong'oneza kaka yake. Mzee Alfani alikohoa.

"Ndugu zangu, kaeni. Marehemu tunaye. Ni kijana wa Chiwata, alikuwa na kijana wetu kwenye lori lile, na hajapata kuombewa na mtu. Ni Mkristo. Mungu anajua kupokea. Tumwombee Kasiani." Wakakaa, wakainua mikono.

Chakula kilipokaribia kugawiwa, ikaonekana maji ya kunawa hayatoshi. Zena akaenda kwenye pipa nyuma ya nyumba, akajaza ndoo, akageuka. Anwari alikuwa amesimama pale, mguu juu ya mguu, anamtazama kwa jicho lake zima.

"Dada, samahani. Wewe umenifuata sokoni, umenifuata stendi, umelia kwenye lori njia nzima. Wote wanakutazama kama mimi nina deni kwako." Alisita. "Unaitwa nani? Wa wapi wewe?"

Mama Anwari, aliyekuwa anapita na sahani, alifungua mdomo. Zena akamwinulia kiganja asiseme. Maji yalikuwa yanamwagika miguuni.

"Naitwa Zena," alisema. "Natoka Chilangala. Na ndoo hii ni nzito."

Anwari aliitazama ndoo, akamtazama yeye. Akaja, akaichukua.

"Lete nikubebee," alisema. "Kwenu ni wapi?"

"Hapa hapa," Zena alimjibu, akatangulia mbele kumwonyesha njia.